Ziara za kutembea kwa miguu mjini Iringa: tueleze nini mbele ya kila jengo la zamani?

Mwongozaji wa Ruaha (Iringa)

Kamwene, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini na wote mtakaosoma.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikiongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kazi hiyo naipenda. Mwezi uliopita wageni wanne niliokuwa nao walibakiwa na siku nzima mjini kabla ya kurudi Dar es Salaam, wakaniomba niwatembeze kwa miguu na kuwaonesha majengo ya zamani. Nilikubali bila kusita, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Mshindo na hakuna uchochoro wa mji huu nisioufahamu. Tulipofika Barabara ya Jamat, mbele ya jengo la Ismailia lenye mnara wa saa, mama mmoja miongoni mwao aliniuliza ni nani walilijenga, matofali yake yalitoka wapi, mafundi walikuwa wakilala wapi, na kwa nini maduka ya jirani yana baraza pana kiasi kile. Nilijibu swali la mwisho tu, tena kwa kubahatisha. Mimi ninayeweza kumtambua ndege kwa mlio kabla sijamwona, nilikosa la kusema mbele ya jengo nililolipita kila asubuhi nikienda shule ya msingi.

Tangu siku hiyo sijatulia. Ninakusudia kuanzisha ziara ya kutembea kwa miguu katika mji wa zamani, kuanzia Boma, lile jengo la Wajerumani, hadi sokoni na mitaa ya maduka, kwa wageni na pia kwa wanafunzi wetu wenyewe. Ninaharakisha kwa sababu majengo yanaondoka. Lipo duka moja ambalo nilipokuwa mtoto lilifungwa kwa mbao za kupachika moja baada ya nyingine, na kila ubao ulikuwa na namba iliyochongwa kwa patasi ili mfungaji asikosee mpangilio. Duka hilo limebomolewa, na mbao zake niliziona siku chache baadaye zikiwa jukwaa la mafundi wanaopiga lipu ghorofa ya jirani.

Naomba msaada wenu katika mambo matatu. Kwanza, ziara ianzie wapi na ichukue muda gani? Pili, mtu aeleze nini mbele ya jengo zaidi ya kutaja mwaka na kusema kwamba lilijengwa na Wajerumani, Waingereza au Wahindi? Tatu, tufanyeje ili watu wanaoishi na kufanya biashara ndani ya majengo hayo wasijione kama vitu vya kuangaliwa?

Mnyalukolo wa Kihesa (Iringa)

Kamwene, kaka. Swali lako la pili ndilo lenye uzito, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu, nikianza mbali kidogo na Iringa.

Niliposoma shahada ya pili nchini Marekani, katika jimbo la Massachusetts, nilikuwa nikipanda treni siku za mapumziko kwenda mji wa Lowell. Ni mji uliojengwa kuanzia miaka ya 1820 kwa ajili ya viwanda vya pamba, ukapewa jina la mfanyabiashara Francis Cabot Lowell, ambaye alifariki mwaka 1817 kabla hata ya jiwe la kwanza kuwekwa. Tangu mwaka 1978 sehemu kubwa ya viwanda hivyo, mifereji na nyumba za wafanyakazi ni hifadhi ya taifa. Wewe uliyezoea lango la Ruaha utaelewa nilivyoduwaa nilipopokewa na askari wa hifadhi, mwenye sare na kofia ileile wanayovaa wenzake wanaolinda dubu na misitu, akatuongoza kwa miguu katikati ya mji ambao hauna mnyama hata mmoja. Nchi ile iliamua kwamba ukuta wa matofali ambamo watu wamefanya kazi unastahili mlinzi na mwongozaji sawa na msitu.

Askari yule hakuanza na jengo. Alitusimamisha ukingoni mwa mfereji, akatuomba tutazame maji upande mmoja wa lango la mbao, kisha upande wa pili ambako yalikuwa chini zaidi. Akaeleza kwamba katika Maporomoko ya Pawtucket mto Merrimack unashuka takribani mita 10, na kwamba wenye mitaji kutoka Boston walikuja hapo kwa ajili ya mteremko huo na si kwa jambo lingine. Walichimba mifereji ambayo jumla yake inafikia kilomita 9 hivi, maji yakazungusha magurudumu chini ya viwanda, na kutoka kwenye magurudumu nguvu ikapanda ghorofa kwa ghorofa kwa mihimili na mikanda. Alipomaliza maelezo hayo, kila tulichokiona baadaye kilijieleza chenyewe. Kiwanda ni kirefu na chembamba kwa sababu ilibidi mwanga wa madirisha ufike katikati ya ukumbi wakati ambapo umeme haukuwepo. Ngazi zimewekwa ndani ya mnara uliochomoza nje ya ukuta ili sakafu yote ibaki kwa mashine, na pia ili moto ukizuka usipande kirahisi kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Mnara huohuo ulibeba kengele iliyowaamsha wafanyakazi kabla ya mapambazuko.

Halafu alituingiza katika kiwanda cha Boott, ambacho sasa ni makumbusho. Ndani yake kuna ukumbi wenye mashine za kufuma zipatazo 88, na baadhi yake huwashwa ili mgeni asikie. Mlangoni tuligawiwa vizibo vya masikio. Pamoja na vizibo hivyo, kelele niliisikia kifuani, na sakafu ya mbao ilitetema hadi nikaihisi katika nyayo kupitia soli za viatu. Askari hakusema neno. Alituacha tusimame humo kwa dakika chache, na tulipotoka ndipo akatuambia kwamba wasichana waliofanya kazi katika kumbi kama hizo, wengi wao watoto wa wakulima waliotoka vijijini, walifanya kazi saa zipatazo 73 kwa wiki, na kwamba wafumaji walijifunza kuelewana kwa kusomana midomo. Kutoka hapo tulikwenda kwenye nyumba za bweni walimolala, ambako mlango ulifungwa saa nne usiku na mama mlezi alitoa taarifa kwa kampuni kuhusu mwenendo wa kila mmoja. Mbele ya bweni hilo, si mbele ya sanamu, alitueleza kuhusu migomo ya mwaka 1834, ujira ulipopunguzwa, na ya mwaka 1836, gharama ya bweni ilipopandishwa.

Jambo moja lilinigusa kama Mtanzania. Palikuwa na robota la pamba, na askari alisema waziwazi kwamba pamba hiyo ilivunwa na watumwa katika majimbo ya kusini, kwa hiyo mji uliojisifu kwa wafanyakazi huru ulisimama juu ya jasho la watu wasio huru. Mimi nikakumbuka kitambaa ambacho bibi yangu alikiita amerikani. Wafanyabiashara wa Massachusetts walikileta Unguja kwa wingi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, na misafara ikakibeba hadi bara, ambako kilipokelewa kama fedha. Kwa hiyo hata sisi tulikuwemo katika hesabu za viwanda vya jimbo lile, ingawa hakuna aliyetuuliza.

Sasa nirudi Iringa. Usianze na mwaka. Anza na sababu ya jengo kuwa pale lilipo. Mji wetu upo juu ya mgongo wa kilima kwa sababu wanajeshi walitaka kuliona bonde la Ruaha Mdogo na kila anayelivuka. Ukimsimamisha mgeni mahali ambapo bonde linaonekana, hutahitaji maneno mengi kumweleza kwa nini Boma limekaa lilivyokaa. Ukifika kwenye maduka, eleza baraza kwa kazi yake: ndipo mkulima aliyeshuka na mzigo alipopumzika, ndipo fundi cherehani alipoweka mashine yake apate mwanga, na ndipo mvua ya Machi ilipomkuta mteja bila kumfukuza. Duka lilikuwa mbele na familia iliishi nyuma au juu, jambo linaloeleza pia ule mlango mdogo wa pembeni.

Kuhusu muda, ziara nzuri niliyoifanya kule ilikuwa ya saa moja na nusu, yenye vituo vichache. Mimi mwenyewe niliporudi niliwatembeza wajomba zangu kwa saa tatu na vituo kumi na sita, na walipofika sokoni walikuwa wanatafuta kiti tu. Chagua vituo sita au saba.

Na kuhusu lile duka lililobomolewa, usiliruke. Katika miaka ya 1960 Lowell ilibomoa viwanda vya kampuni yake ya kwanza kubwa, Merrimack, pamoja na mabweni yake, na uchungu wa ubomoaji huo uliwasukuma wenyeji kuyapigania yaliyosalia. Askari alitupeleka mahali hapo ambapo hapana kitu, akainua picha kubwa ya zamani, akaielekeza pale jengo lilipokuwa. Kaka, kama kuna mtu yeyote mwenye picha ya duka lile, itafute.

Mwalimu Mstaafu (Uyole, Mbeya)

Ugonile, vijana wangu. Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na miwili, na nimefurahi kuona watu wakiuliza maswali haya kwa lugha yetu. Nakubaliana na mengi aliyoandika Mnyalukolo, isipokuwa natofautiana naye kuhusu mahali pa kuanzia.

Ukianza na kilima na wanajeshi wake, mgeni ataondoka akidhani Iringa ilizaliwa siku ambayo Wajerumani walipiga kambi. Jina lenyewe linakataa. Linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na ngome iliyokusudiwa ni ile ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa Kalenga, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka hapo. Mwaka 1891 kule Lugalo Wahehe walilishinda jeshi la Kijerumani na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na mwaka 1896 wakaanzisha kituo kipya juu ya kilima, wakakipa jina la ngome waliyoibomoa. Kwa hiyo jengo la kwanza la ziara yako, mwanangu, lipo mbali na halionekani. Wasimamishe wageni wakitazama upande wa Kalenga, uwaeleze habari hiyo, uwaambie pia kwamba fuvu la Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, lilirudishwa mwaka 1954 na limehifadhiwa kule, kisha ndipo uwageuze walitazame Boma. Ukifika kwenye mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Majimaji karibu na kituo cha polisi, wasikilizaji watakuwa tayari wanajua kwamba hadithi ya kuta hizi ina watu wa pande mbili.

Niseme pia la kwetu, kwa sababu ziara ya namna hii inaweza kufanyika Mbeya, tena kwa majengo ya kazi hasa. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ndiyo iliyoukuza. Lakini nilipokuwa na wanafunzi niliwapeleka kwenye stesheni ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na makumi ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliifanyia kazi. Sehemu iliyowatesa zaidi ni ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, yenye mahandaki na madaraja mengi. Nilipowaeleza hayo darasani, wanafunzi waliandika na kusahau.

Mwaka uliofuata nilimwomba mzee mmoja mstaafu wa karakana aje atuongoze. Alikuja na fimbo. Aliipachika kati ya reli mbili, ikaingia barabara bila kucheza, akawaambia wanafunzi kwamba aliikata yeye mwenyewe kwa kipimo cha milimita 1,067, kisha akawauliza kwa nini behewa la TAZARA haliwezi kukimbia kwenye Reli ya Kati. Hakuna aliyejua. Akawaambia kwamba upana wa Reli ya Kati ni milimita 1,000, wakati ule wa TAZARA ulichaguliwa ulingane na reli za Zambia na nchi za kusini mwake, kwa kuwa shaba ya Zambia ndiyo iliyotafutiwa njia ya kufika baharini bila kupita Rhodesia na Afrika Kusini za wakati ule. Tofauti ya milimita 67, upana wa vidole vinne, ilibeba siasa yote ya ukombozi niliyokuwa nikiifundisha kwa wiki mbili. Hadi leo wanafunzi wale, ambao sasa ni watu wazima, wakikutana nami barabarani wananikumbusha ile fimbo.

Kwa hiyo nakushauri umtafute mtu aliyefanya kazi ndani ya jengo, umpe nafasi ya kusema, nawe unyamaze. Umlipe kama unavyojilipa mwenyewe. Na kwa majengo ya umma yanayotumika, kama stesheni na vituo vya polisi, andika barua wiki kadhaa kabla, na usimruhusu mgeni apige picha mpaka ruhusa iwe mkononi.

Fundi Mwashi (Tosamaganga)

Habari za kazi, mabwana na mabibi. Mimi naongeza kuhusu ukuta tu.

Mfundishe mgeni wako kusoma tofali. Kwenye nyumba nyingi za zamani zilizoachwa bila lipu utaona mstari mmoja wa matofali yaliyolala kwa urefu, na mstari wa juu yake ukionesha vichwa. Maana yake ukuta ni mnene, na yale yanayoonesha vichwa yamelala kuelekea ndani ili kuzifunga pande mbili zishikamane. Ukuta wa siku hizi wa tofali moja huonesha urefu peke yake. Ukimwonesha mtu jambo hili mara moja, kila nyumba atakayoipita ataitazama kwa macho mengine.

La pili ni ombi kwa wenye nyumba, nawe ulifikishe. Kuta hizo zilijengwa kwa udongo au chokaa, na chokaa huruhusu unyevu uingie na kutoka. Mtu akiona ukuta umechakaa, anaita fundi aupige lipu ya saruji, unapendeza mwaka mmoja. Baada ya hapo unyevu unaopanda kutoka msingini unakosa pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, na lipu inapobanduka inaondoka na uso wa tofali. Kisha mwenye nyumba anaambiwa kwamba jengo limezeeka na dawa yake ni kulibomoa. Nimeitwa kwenye nyumba tatu za namna hiyo, na katika zote tatu msingi wa mawe ulikuwa imara na kenchi za paa hazijaoza. Kilichoumiza ukuta ni saruji. Kubandua saruji na kupiga lipu ya chokaa ni kazi ya kawaida, ingawa inahitaji subira kwa sababu chokaa hukauka polepole, na huku kwetu mwezi wa Juni na Julai baridi huichelewesha zaidi. Weka kituo kimoja cha ziara mbele ya ukuta unaobanduka. Watu hujifunza kwa kuona kidonda.

Mama wa Dukani (Miomboni, Iringa)

Mwanangu mwongozaji, mimi ninafanya biashara katika moja ya nyumba hizo mnazozizungumzia, na mume wangu alikuwa karani humu kabla hatujainunua, kwa hiyo nitajibu swali lako la tatu kwa niaba yangu na ya majirani wachache niliozungumza nao jana jioni.

Watu huja. Wanasimama upande wa pili wa barabara, wanapiga picha mlango huku nimekaa barazani ninachambua maharage, wanaondoka bila hata kunisalimia. Siku moja kikundi cha watu zaidi ya kumi kiliziba mlango saa nne asubuhi, ambayo ndiyo saa ya wateja wanaoshuka na magari ya Kilolo, na mwongozaji wao aliwaeleza kwa sauti kubwa kwamba nyumba hii imetelekezwa. Nilikuwa ndani, ninasikia. Niliumia sana siku ile, kwa sababu hakuna mwaka ambao hatukuipaka rangi kabla ya sikukuu.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Pita mwenyewe kwanza, peke yako, utusalimie, utuambie siku na saa. Usilete watu wengi kuliko wanaoweza kusimama barazani bila kuziba mlango. Watoto wetu wasipigwe picha. Wageni wako wakipata kiu, wanunue maji au chai kwetu, maana nyumba hizi hutunzwa na mapato ya duka. Na usitusemee: uniulize. Ninaweza kuwaambia wageni wako jinsi wakulima wa pareto walivyokopeshwa chumvi, sukari na khanga katika duka hili na kulipa baada ya mauzo, na daftari la mikopo hiyo ninalo, mwandiko ni wa marehemu mume wangu.

Zaidi ya hayo, umeandika kuhusu mbao zenye namba. Duka letu nalo lina mbao hizo, nane, na bado tunazitumia.

Mwanasheria wa Mkoani (Njombe)

Naongeza jambo fupi ambalo wengi hawalifahamu. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo linalolindwa moja kwa moja kama kumbukumbu ya kale ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo yote mliyoyataja mjini Iringa ni ya baada ya hapo, hivyo umri peke yake hauyalindi. Yanahitaji kutangazwa na Waziri katika Gazeti la Serikali. Ziara yako inaweza kusaidia sana hapa, kwa sababu maombi ya kulitangaza jengo yanahitaji maelezo, picha na historia iliyothibitishwa. Andika kila unachokisikia, weka tarehe, na uombe idhini ya anayekisema. Kuhusu kuongoza wageni kwa malipo, hakikisha leseni yako chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inaihusu kazi ya mjini pia.

Mwongozaji wa Ruaha (Iringa)

Nawashukuru wote kwa dhati, na Mwalimu wangu shikamoo. Nimesoma majibu yenu mara tatu nikiwa na karatasi na kalamu.

Jana niliitembea njia nzima peke yangu nikiwa na saa. Nitaanza mahali ambapo bonde la Ruaha Mdogo linaonekana, nikiwaelekeza watu upande wa Kalenga kama Mwalimu alivyoshauri, kisha nitakwenda Boma, ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20 likiwa hospitali ya jeshi, na ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Hapo ninataka kuuliza, kabla ya jambo lingine, ni nani walibeba mawe. Kutoka Boma tutafika kwenye mnara wa Majimaji, halafu sokoni, halafu Barabara ya Jamat. Kituo cha sita ni ukuta unaobanduka, na Fundi nakuomba uwepo siku ya kwanza, malipo tutaelewana. Cha saba ni lile eneo ambalo duka lilibomolewa. Binamu yangu amepata picha ya harusi ya mwaka 1974 iliyopigwa barazani hapo, na nyuma ya bibi harusi mbao zinaonekana tano. Tutaisafisha na kuikuza. Njia yote ilinichukua saa moja na dakika arobaini kwa mwendo wa mtu mzima, nami nitaipunguza sokoni, kwa sababu soko kila mtu anaweza kurudi mwenyewe.

Mwanasheria, leseni yangu nimeipeleka ikaguliwe.

Mama, shikamoo. Ninakuomba radhi kwa niaba ya yule aliyeita nyumba yako imetelekezwa, ingawa simfahamu. Nitapita kukusalimia. Ningependa kuziona mbao zako na kuzipiga picha kwa ajili ya kumbukumbu, ikiwa utaniruhusu, na kumsikiliza yeyote atakayesoma lile daftari. Nije saa ngapi ambayo sitakuzuilia wateja?

Mama wa Dukani (Miomboni, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Usije asubuhi, kwa sababu tukifungua mbao huwa zimepangwa nyuma ya kaunta na huwezi kuziona zote. Njoo Jumapili saa nane mchana, nikiwa nimetoka kanisani na duka limefungwa. Wakati huo zote nane zinakuwa mahali pake na namba zinasomeka, isipokuwa ya sita, ambayo imefutika kwa mikono.